Dalili za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema niandike. Kila Mama atakapofanya jambo lisiloeleweka niweke tarehe, saa na namna lilivyotokea, kisha nimpelekee daftari mwisho wa Aprili. "Usimwonyeshe," aliniambia. "Mtu akijua anaandikwa hubadilika." Basi nimenunua daftari na kulificha ndani ya sanduku la spana, chini ya msumeno wa chuma, mahali ambapo hakuna mtu humu ndani anayetia mkono.

Naona haya kabla sijaanza. Mama ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, na leo nimeishika kumwandika yeye, tena kwa kificho.

Chanzo ni sufuria. Mwezi uliopita aliteleka maharage, akaenda kujinyoosha, usingizi ukamchukua. Mimi na mke wangu tuliporudi kazini tulikuta moshi umejaa hadi darini. Ana miaka sabini na minane. Daktari alimpima, akamuuliza maswali, akasema huenda ni uchovu tu wa uzee, huenda ni mwanzo wa akili kuchanganyika. Tusubiri, tuandike. Na kila asubuhi nimuulize leo ni siku gani.

Leo nimemuuliza. Amenijibu, "Jumatatu. Kwani wewe hujui?"

Jumatano, 5 Machi

Amejibu sawa.

Shemeji alikuja jioni na futi yake ya kupimia. Ni mdogo wa mke wangu, fundi gesi mwenye cheti. Tangu ile sufuria tumekubaliana mtungi utoke jikoni, ukae nje nyuma ya nyumba, na gesi iletwe ndani kwa bomba. Tukitoka tunafunga koki kule nje na Mama hawezi kuwasha kitu. Hadi hapo hatukubishana.

Akapima, akazunguka nyumba nzima, akasema bomba lipite nje, lizunguke pembe mbili na kuingilia jikoni kwa upande wa pili. Kisha mkaguzi aje aone kabla ya kuwasha. Wiki mbili. Nikamwambia hiyo ni safari ya nini? Mtungi utakuwa nyuma ya chumba cha Mama, na chumba cha Mama kimepakana na jiko. Toboa kuta mbili, nyoosha, kazi imekwisha.

"Bomba la gesi halipiti chumba cha kulala, shemeji."

"Nani kasema?"

"Kanuni."

Mimi nina miaka ishirini na tisa kwenye bomba la maji. Huyu kijana mara ya kwanza kushika spana aliishika nyumbani kwangu, wakati nilipokuwa namposa dada yake, na aliishika kichwa chini miguu juu. Nikamwambia bomba ni bomba.

"Maji yakivuja yanakwambia," akasema, polepole kabisa. "Gesi haikwambii."

Alisema mbele ya mke wangu na mbele ya Mama. Ilinichoma. Nikamjibu kwamba kila mwenye nyumba anayejua kazi ya mikono ana haki ya kufunga bomba lake mwenyewe, na kwamba hizo kanuni zimetungwa na watu wanaotafuta kuitwa. Akamaliza chai yake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mke wangu akasema, "Ungemwacha tu afanye, Fundi." Akitaka kunikanya huniita Fundi.

Jumapili, 9 Machi

Kazi imekwisha, siku mbili tu. Bomba la chuma, kiungo kimoja nje, kimoja ukutani chumbani kwa Mama nyuma ya kitanda, kimoja jikoni. Kila kiungo nimekizungushia katani na kukipaka dawa, kama nifanyavyo siku zote. Kisha nikaziba ncha moja, nikajaza maji, nikapiga pampu, nikaliacha tangu asubuhi hadi saa kumi. Halikutoka tone. Nikamwaga maji, nikalipuliza likauka, nikalifukia ukutani, nikapiga lipu laini kama shavu la mtoto. Mtu akiambiwa kuna bomba pale hataamini.

Mama alikaa kwenye kiti akinitazama muda wote. Mwisho akasema, "Baba yako angeipenda kazi hii." Nyumba hii waliijenga wao wawili, tofali kwa tofali, mimi nikiwa nabebwa mgongoni. Nilitoka nje nikajifanya natafuta nyundo.

Ijumaa, 14 Machi

Amejibu sawa wiki nzima. Hakuna la kuandika.

Jirani yetu tunayemwita Mzee Redio, kwa sababu hakuna habari inayompita, ameliona bomba, na sasa naye anataka. Nimemwambia Jumamosi.

Jumatano, 19 Machi

Jumamosi nilimfungia Mzee Redio bomba lake. Mvua zimeanza. Simu za mabomba yaliyoziba tangu alfajiri.

Alhamisi, 27 Machi

Saa moja asubuhi, kabla sijamuuliza siku, Mama amesema chumbani mwake mna harufu ya yai viza. Nimeingia, nimesimama katikati. Mimi sikusikia kitu. Mke wangu naye kaingia, akakunja pua, akasema, "Kama ipo kwa mbali. Isije ikawa gesi." Nikamwambia hilo bomba nimelijaribu kwa maji siku nzima. Ni mfereji wa maji machafu. Kila mvua zikianza mfereji hutoa harufu, yeye mwenyewe anajua. Akasema, "Haya, wewe ndiye fundi."

Jumamosi, 29 Machi

Nimefungua mifuniko yote ya mfereji na kuusafisha huku nanyeshewa. Mama kanisimamia dirishani. "Haitoki huko," amesema. "Iko humu ndani. Iko chini, miguuni." Nimemuuliza harufu inakaaje miguuni.

Leo ni Jumamosi. Amejibu sawa.

Jumatano, 2 Aprili

Amelala dirisha wazi. Mvua imeingia, shuka zimelowa, na ameanza kukohoa. Nimeuliza kwa nini. "Harufu." Mimi sikusikia kitu.

Jumamosi, 5 Aprili

Hili naliandika vizuri, daktari alione. Saa tisa alasiri nimerudi nikamkuta Mama uani anabeba matofali. Moja moja, kwenye upande wa kanga, mvua inamnyeshea. Anataka kitanda kiinuliwe. Kila mguu matofali mawili. Nikamuuliza ya nini. Akasema akilala chini kichwa kinamuuma na roho inamchafuka, akiketi juu anapata nafuu.

Nilimwinulia, la sivyo angeinua mwenyewe. Sasa anapanda kitandani kwa kigoda. Nilipotoka nilicheka na mke wangu, nikasema Mama kajijengea ghorofa. Mke wangu hakucheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempeleka kwa Dada akapumzike kidogo. Dada ndiye mkubwa wetu, anaishi mwendo wa saa nne kwa basi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama bado yuko kwa Dada. Dada anasema anakula, analala, kikohozi kimepungua, anawashinda wajukuu kwenye karata. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 13 Aprili

Amerudi mchana. Kabla hajavua viatu: "Ipo." Nimechoka.

Jumanne, 15 Aprili

Viberiti vinapotea. Jikoni vilikuwa viwili na kile cha kubofya. Mke wangu alitafuta nusu saa, akavikuta ndani ya mkoba wa Mama, vimefungwa kwa kitambaa. Alipomuuliza, Mama alisema tu, "Mtaniomba nikiwepo." Nimeandika: anaficha vitu.

Jumatano, 16 Aprili

Amejibu sawa. Umeme ulikatika.

Ijumaa, 18 Aprili

Mara ya tatu wiki hii mke wangu kawasha jiko likakataa. Mama huenda nyuma ya nyumba, kwenye mvua, akafunga koki ya mtungi. Leo nimemkuta huko, kajifunika gunia kichwani, mkono uko kwenye koki. Nikamuuliza kwa sauti ya juu kidogo anafanya nini.

"Ni gesi, mwanangu," akasema. "Nimejizuia kukwambia kwa sababu naijua roho yako. Lakini ni gesi."

Kumbe ndiyo hiyo. Sasa kaanza kuisingizia kazi yangu. Pengine maneno ya shemeji yamemkaa kichwani na kuchachuka humo. Nimemshika mkono nikamrudisha ndani. Mkono ulikuwa baridi na hakubisha.

Jumapili, 20 Aprili

Nimejenga kizimba cha vyuma kuuzunguka mtungi na kutia kufuli. Ufunguo nauweka mfukoni mwangu. Mama kautazama mfuko wangu, kisha kanitazama mimi.

Jumatano, 23 Aprili

Haya nitayaandika kama yalivyokuwa.

Saa kumi alasiri wingu lilifunga, umeme ukakatika, nyumba ikawa giza kama pango. Mke wangu alikuwa bado kazini. Viberiti vyetu vyote vilikuwa kwa Mama, basi nilitoka kwa Mzee Redio na mshumaa unaowaka, nimeukinga kwa kiganja, nikaenda kumwekea Mama asije akajikwaa. Nilifungua mlango wake. Alikuwa ameketi juu ya kitanda chake cha ghorofa, miguu imening'inia, dirisha wazi, upepo unavuma. Aliponiona alisema, "Usiingie nao."

Nikaingia.

Sikujua kama bado anaweza kuruka. Alishuka bila kigoda, akachukua jagi la maji lililokuwa mezani, akanimwagia lote. Mshumaa, mkono, shati, uso. Kisha akasimama mbele yangu, ananifikia kifuani, anahema.

Nilimfokea. Nilimwambia akili zimemruka. Nilimwambia ametuchosha, mimi na mke wangu, na kwamba afadhali Dada amchukue moja kwa moja tupumue. Nilisema, "Hii nyumba si yako peke yako." Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nilisema hivyo na maji yananichuruzika kidevuni, na sauti niliisikia ikigonga ukutani na kunirudia.

Mama hakulia. Aliokota mshumaa sakafuni, akaukata utambi kwa kucha, akautia mfukoni mwake. "Umelowa," akasema. "Nenda ukabadilishe."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimepigilia misumari dirisha lake, kikohozi kimerudi na hafungi mwenyewe. Nimempigia Dada. Atakuja tarehe kumi Mei amchukue akakae huko. Mama tumemwambia. Aliuliza kama anaweza kubeba cherehani yake.

Leo siku gani? "Alhamisi," amesema. "Siku uliyonipigia misumari."

Jumatatu, 28 Aprili

Amejibu sawa. Sasa analala na mlango wazi, kiti kimeuzuia usijifunge. Umeme haukai.

Jumatano, 30 Aprili

Leo nimempeleka Mama kwa daktari, na daftari hili nimelitia kwapani. Mama alibaki kwenye benchi nje. Daktari alilisoma lote mbele yangu, bila haraka, kidole kikifuata mistari. Nilikuwa nangoja aniambie pole.

Akasema, "Tarehe saba hadi kumi na moja huna dalili hata moja."

"Alikuwa kwa dada yangu."

"Na huko hakusikia harufu?"

"Hapana."

"Wala kichwa hakikumuuma?"

Alirudisha kurasa nyuma, moja baada ya nyingine. "Kila ulipoandika jibu lake, amejibu sawa. Kila mara. Mtu ambaye akili zimechanganyika hawezi kujibu sawa kwa miezi miwili." Kisha akauliza, "Gesi ya nyumbani kwako alifunga nani?"

"Mimi."

"Wewe ni fundi gesi?"

"Fundi bomba. La maji."

"Na hiyo harufu, wewe mwenyewe hukuisikia hata mara moja?"

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Miaka tisa iliyopita niliingia shimo la maji machafu bila kujikinga, nikatolewa nimezimia. Nilipona, lakini pua haikurudi. Sisikii harufu ya mkate wala ya choo. Nimekuwa nikibahatisha: nikiona wengine wamekunja uso nami nakunja, wakisifu chakula nami nasifu. Fundi wa mifereji asiye na pua nani atamwita? Miaka tisa, na humu ndani ya daftari lenyewe nimeandika "mimi sikusikia kitu" kana kwamba ni ushahidi.

"Pua yangu haifanyi kazi," nikamwambia daktari. Nilimwambia nikitazama sakafu.

Hakupoteza muda kunihukumu. "Nyumbani yuko nani sasa hivi?"

"Mke wangu. Leo yuko likizo."

"Mpigie. Asiwashe kitu. Afunge gesi, atoke nje."

Nikapiga. Simu imezimwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na simu yake haikuwa na chaji. Nikapiga tena, nikapiga tena. Na hapo ndipo nilipotia mkono mfukoni nikagusa ufunguo wa kufuli. Hata angejua, asingeweza kuufunga mtungi. Mtu aliyehakikisha hilo nilikuwa mimi.

Sikumbuki tulivyoingia kwenye teksi. Mvua ilikuwa inapiga vioo, magari yamesimama. Mama aliketi pembeni yangu na mkoba mapajani.

"Una nini?"

"Mama, ni gesi."

"Najua."

"Saa sita hii. Atawasha jiko."

"Atawasha kwa nini?" Akafungua mkoba. Ndani ya kitambaa kulikuwa na viberiti vitano, kile cha kubofya, na kipande cha mshumaa ulioloa. "Nikitoka huwa navibeba vyote. Nikiwepo namkatalia harufu ikizidi. Nisipokuwepo nitamkataliaje?"

Nililia kwenye teksi ya watu. Dereva akaongeza sauti ya redio ili asinisikie, na kwa hilo namshukuru.

Tulifika nikaruka kabla gari halijasimama. Mke wangu alikuwa anatoka kwa Mzee Redio, mwavuli begani, anavuka kuingia getini kwetu. "Nyumba nzima haina kiberiti," akasema, "nimeenda kuazima." Alikuwa nacho mkononi. Nilimpokonya nikakitupa kwenye dimbwi. Alinitazama kama mwendawazimu. Nikakimbia nyuma ya nyumba. Ufunguo ulikataa kuingia kwenye kufuli, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha mvua ikaacha kunipiga kichwani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli wa mke wangu, amenikinga mimi, yeye analowa.

Nikafungua. Nikafunga koki. Nikang'oa misumari ya dirisha.

Alhamisi, 1 Mei

Shemeji alikuja asubuhi, mke wangu ndiye aliyemwita. Mimi sikuwa na uso wa kumwita.

Alifungua bomba kutoka kwenye mtungi, akalijaza hewa kwa pampu yake yenye saa ya kupimia, akaniambia nitazame mshale. Ukaanza kushuka. Akaenda chumbani kwa Mama, akasogeza kitanda na matofali yake, akapaka ukuta maji ya sabuni kwa brashi. Pale kwenye lipu yangu laini, shubiri moja kutoka sakafuni, povu likaanza kuota. Mapovu madogo madogo, yanavimba, yanapasuka, yanaota tena.

Akabomoa ukuta, akakifungua kiungo. Katani ilitoka kavu, imesinyaa kama ufagio wa zamani.

"Kwenye maji, katani inakunywa inavimba, ndiyo inaziba," akasema. "Ulipoijaribu kwa maji ulikuwa umeinywesha. Gesi ni kavu, shemeji. Ikawa inaikausha kidogo kidogo. Ndiyo maana mwanzoni haikuvuja."

Miaka ishirini na tisa ya kujua katani ndiyo iliyonipotosha. Mtu asiyejua kitu angeogopa, akaita fundi.

Nikauliza kwa nini Mama alisema iko miguuni. Akasema gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Akayatazama matofali. "Nani alitaka kitanda kiinuliwe?"

"Mimi," akasema Mama kutoka mlangoni. "Na dirisha nilikuwa nafungua mimi."

Shemeji aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimia mkubwa wake kazini.

Alipokuwa anakusanya vyombo nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa maneno, si kwa kuzungukazunguka. Akasema yameisha. Akasema pia kwamba kwenye nyumba za watu anakuta kazi kama yangu kila mwezi, na karibu zote zimefanywa na mtu anayejua kazi nyingine vizuri sana. Nikampa daftari hili alione, maana alitaka kujua uvujaji ulianza lini. Alisoma kurasa mbili tatu. "Hii ni ripoti ya uvujaji," akasema. "Tarehe, saa, kila kitu. Sijawahi kuona nzuri kama hii." Hakuwa ananitania.

Jioni nilimweleza mke wangu habari ya pua. Amelala chumbani kwa Mama. Kabla hajaingia aliniambia, "Niliuliza kama ni gesi. Nikakuamini wewe nikaiacha pua yangu mwenyewe." Halafu, "Miaka tisa unanisifia chakula." Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi, nadhani.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Redio na shemeji tukafunga koki ya mtungi wake. Kwake katani ilikuwa bado haijakauka vya kutosha. Nimemwambia ukweli wote, pamoja na pua, nikijua kwamba kufikia jioni mtaa mzima utakuwa nao. Akasema, "Lakini wewe uliniambia hakuna haja ya kuita mtu." Nikasema ndiyo, nilikwambia.

Jumatatu, 5 Mei

Shemeji anafunga bomba jipya, linazunguka nje, pembe mbili. Mimi namshikia ngazi. Wapita njia wananiona nimeshika ngazi. Jana mteja mmoja alipiga simu kuahirisha kazi, hakusema sababu, nami sikuuliza.

Bado sijamwomba Mama radhi. Kwa wengine nimeweza. Kwake nafika mlangoni, namuuliza kama amekunywa chai.

Jumatano, 7 Mei

Mkaguzi amekuja, amepima, amepitisha. Mvua zimepungua.

Jumamosi, 10 Mei

Dada alifika saa tano na begi tupu la nguo za Mama. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia tu kwamba mambo yamebadilika, tutaongea. Tukaketi sebuleni, yeye, mke wangu, Mama na mimi.

Mama akasema, "Lete lile daftari."

Sikujua kama anajua. "Lipi, Mama?"

"La kwenye sanduku la spana. Kila ukinuna unakwenda kuongea na sanduku, nilidhani una hawara humo." Dada alicheka, kisha akaona nyuso zetu akanyamaza. "Lisome. Mimi miwani yangu haioni maandishi yako. Na usiruke."

Nikasoma. Nilianzia "Daktari amesema niandike" nikaendelea. Nilisoma matofali na kicheko changu. Nilisoma "anaficha vitu." Nilisoma "kaanza kuisingizia kazi yangu." Mara moja Mama alinisimamisha: "Haikuwa saa tisa, ilikuwa saa nane, nilisikia taarifa ya habari kwa jirani." Nikasahihisha kwa kalamu. Nilipofika tarehe ishirini na tatu nilishusha daftari. Mke wangu akanyoosha mkono anisaidie, Mama akamwambia, "Mwache." Nikasoma niliyomwambia mama yangu nikiwa nimelowa, neno kwa neno, mbele ya dada yangu, na ile ya nyumba nikaisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikusikika.

Nilipomaliza nikasema, "Mama, nisamehe. Sina la kuongeza."

"Nilikuwa siogopi gesi," akasema. "Gesi naijua inapotoka. Nilikuwa naogopa kwamba pengine kweli nimechanganyikiwa. Kila asubuhi ukiniuliza siku, nilikuwa nimeamka saa kumi na moja nairudia rudia nisije nikaikosa." Akageuka kwa Dada. "Begi lako lirudi na machungwa. Mimi siendi."

Nikampa ufunguo wa kufuli. Ameutia kwenye uzi na kuuvaa shingoni.

Jumapili, 11 Mei

Leo asubuhi sikumuuliza siku. Yeye ndiye aliyeniita, yuko jikoni.

"Fumba macho," akasema.

Nikafumba. Nikasikia kisu kwenye ubao, kisha joto la mkono wake karibu na mdomo wangu. Alisubiri. Nilivuta pumzi mpaka kifua kikaniuma.

"Nini hiki?"

Zamani ningetafuta namna ya kuiba jibu. Ningesikiliza pumzi ya mke wangu pale mlangoni, ningengoja mtu atoe ishara.

"Mkate," nikasema.

"Fumbua macho. Sasa kalete daftari lako, uandike. Na tarehe, na saa."

Jumapili, 11 Mei, saa moja na nusu asubuhi. Nimeulizwa Mama ameshika nini. Nimejibu mkate. Kilikuwa kitunguu saumu.